Oili Iliyopotea Bila Kudondoka

Mtaani walimwita Bwana Pasi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona na nguo yenye mkunjo. Alikuwa mshona suti, na mstari wa suruali yake ulikuwa mkali kama wembe.

Gari lake lilikuwa la zamani, la gia za kujibadilisha zenyewe, alilorithi kwa baba mkwe. Tangu mkewe aanguke ngazini na kuumia nyonga, gari hilo ndilo lililompandisha kilimani kwenye mazoezi ya viungo. Asubuhi moja, katikati ya kilima, injini ilinguruma kama simba, lakini gari halikusogea. Kisha likaanza kurudi nyuma. Bwana Pasi akavuta breki ya mkono, kijasho chembamba kikimtoka.

"Gia inateleza," alisema.

"Na mimi nikikosa mazoezi, mguu utakakamaa," mkewe akajibu. "Daktari hakunificha."

Gereji mbili zilitoa hukumu moja: giaboksi imekufa, atafute nyingine. Kwa gari la umri ule, hizo zilikuwa ndoto za alinacha. Bwana Pasi hakukata tamaa. Akaenda kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa magari aliyekuwa amepasuliwa mgongo na kukatazwa kuinama. Shemeji akiwa amekaa kigodani, alimwagiza awashe injini na kuchomoa kijiti cha kupimia oili ya gia. Oili ilikuwa chini ya alama, ila bado nyekundu, wala haikuwa na harufu ya kuungua.

"Haijafa hii, ina kiu," shemeji alisema. "Ongeza, tuone oili inapotelea wapi."

Wakaongeza, na gari likapanda kilima kama swala. Siku chache baadaye likaanza kuteleza tena. Kadibodi ambayo Bwana Pasi aliitandika chini ya gari ilikuwa kavu, hata tone halikuwapo. Lakini bomba la moshi lilitoa moshi mweupe, mzito.

"Oili haina mabawa," shemeji alisema akikuna kidevu. "Kama haidondoki, inanywewa. Ubavuni mwa giaboksi kuna kikombe cha bati, na mpira mwembamba unaotoka hapo kwenda kwenye injini. Mpira huo ni wa hewa tu. Uchomoe, utazame ndani."

Wakaliinua gari, wakazuia magurudumu, wakasubiri lipoe. Bwana Pasi akachungulia kwa tochi, akachuchumaa, akanyoosha mkono huku akichunga magoti yasiguse udongo. Aliambulia patupu.

"Nitafute mtu wa kuingia chini, shemeji?"

"Wako wengi, na watakuambia yale yale ya gereji. Mimi mgongo sina. Mwenye gari ni wewe."

Mkewe, aliyeketi mlangoni na magongo yake, alikuwa akijikanda paja. Bwana Pasi alimtazama, akakunja mikono ya shati, akalala chali kwenye vumbi na grisi, akajisogeza hadi chini ya gari.

Alipapasa mpaka akakipata kikombe. Mpira ulikuwa umeng'ang'ania, ukamchubua vidole. Akavuta, akapumzika, akavuta tena. Ulipochomoka, oili nyekundu ilimtiririka shavuni hadi kwenye kola.

"Umejaa oili," alisema, sauti yake ikitoka kama ya mtu aliye kisimani.

"Basi mwizi tumemkamata. Utando wa kuzuia oili ndani ya kikombe umechanika. Injini inainyonya oili ya gia na kuichoma. Ndio ule moshi."

Shemeji alikuwa na kikombe kizima alichokitoa kwenye gari bovu. Bwana Pasi alikifunga mwenyewe, akajaza oili, na kesho yake wakakikabili kilima. Gia zilishika moja baada ya nyingine, bila kusitasita. Siku zikapita, oili kwenye kijiti haikushuka chini ya alama.

"Ile kola haisafishiki tena," mkewe alimwambia walipofika kwenye mazoezi.

"Kola nitashona nyingine," alijibu, akimpa magongo. "Mguu wako siwezi kuushona."

Wengi walilihukumu gari lile wakiwa wamesimama wima, wasione kitu. Aliyelala vumbini ndiye aliyepata. Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.