Kunde za Mwanjaa Gerejini

"Ufundi hauhesabiwi asubuhi." Mmeisikia leo sokoni mkacheka, mkadhani ni maneno ya mafundi wavivu wanaochelewa kufungua kazi. Sivyo. Ilizaliwa hapa hapa Muheza, na aliyeizaa hakuwa fundi wala hakupata kushika spana. Kaeni niwaeleze.

Mwanjaa alikuwa mjane mwenye mambo matatu ya kujivunia: binti yake Sikudhani, ng'ombe mmoja wa maziwa, na hesabu. Shule hakuiona, lakini hakuna mchuuzi aliyewahi kumpunja hata senti. Basi Sikudhani alipomaliza shule akasema anataka kujifunza ufundi wa magari kwa Fundi Shekalaghe, mama hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Ngoja kwanza nipige hesabu."

Na hesabu ilikuwa nzito. Ada ya kuingia, ovaroli, spana za kuanzia, na miaka mitatu ya binti kutoka alfajiri na kurudi jioni bila mshahara, jembe ameachiwa mama peke yake. Ili ada ipatikane, ilibidi ng'ombe auzwe. Mnunuzi kutoka Pongwe alikuwa ameshaagizwa aje Alhamisi alasiri. Ng'ombe akiondoka, na maziwa yanaondoka, na maziwa ndiyo yaliyokuwa yakinunua chumvi, sabuni na mafuta ya taa.

Shekalaghe alikuwa na desturi ya kumjaribu mwanagenzi kwa wiki moja kabla ya kupokea ada. Sikudhani akajaribiwa. Siku ya mwisho, ile Alhamisi, Mwanjaa akaamua naye amjaribu fundi. Akafunga kunde kwenye pembe moja ya kanga na mahindi kwenye pembe nyingine, akaenda kuketi juu ya tairi kuukuu mlangoni mwa gereji kabla jua halijachomoza. Kila pesa itakayotoka mkononi mwa fundi, kunde moja chini. Kila itakayoingia, punje ya mahindi.

Fundi akatoa pesa ya oili: kunde. Pesa ya vipuri: kunde. Chai na mihogo ya wanagenzi: kunde. Likaja lori la machungwa lenye klachi mbovu, likatengenezwa, dereva akapunga mkono, huyo akaenda zake Tanga. Mwanjaa akangoja. Likaja la pili, likaja la tatu, yote yakaondoka hivyo hivyo, na fundi akiyasindikiza kwa dua! Kufika saa nne kunde zilikuwa tisa, mahindi hata punje. Mwanjaa aliingiwa na hofu. Kumbe alikuwa karibu kumtoa ng'ombe wake ili binti yake akafundishwe ufukara!

Akasimama. "Sikudhani! Toka huko, twende nyumbani!"

"Siwezi, mama," ikajibu sauti kutoka chini ya lori jingine lililobaki. "Nimefungua magurudumu mawili ya watu. Hapa anayefungua ndiye anayefunga."

Mwanjaa akanung'unika, lakini hakuwa amemlea mtoto wa kuacha kazi nusu. Akaketi tena, amenuna. Magurudumu yale, kwa kutu yake, yalikula mchana mzima. Mnunuzi wa ng'ombe akamfuata pale pale, naye akamwambia bila kupepesa macho, "Samahani, ndugu yangu. Ng'ombe hauzwi tena. Nimepiga hesabu, ni hasara." Sikudhani akasikia. Akaendelea kukaza nati huku machozi yakimchuruzika.

Jua lilipoanza kupoa, honi zikalia. Malori yalikuwa yanarudi kutoka Tanga, matupu. Dereva wa kwanza akashuka, akamtia fundi pesa mkononi. Wa pili vile vile. Wa tatu akaongeza na samaki. Mwanjaa akafungua mahindi kwa pupa, punje zikamwagika zote.

"Fundi, hawa ni akina nani?"

"Si wale wa asubuhi, dada yangu? Muuza machungwa asubuhi ana machungwa, pesa hana. Akishauza ndipo hulipa. Ndiyo desturi yetu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Mimi nilidhani umekuja kuuza kunde."

Gereji nzima ikaangua kicheko, na Mwanjaa mwenyewe akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamwona binti yake akijivuta kutoka chini ya lori, uso umejaa grisi, macho mekundu. Kicheko kikamkatika. Miaka mitatu ni kunde tupu, akawaza. Ni asubuhi ya mwanangu, nami nimemhukumu saa nne.

Akavua ndala, akazishika mkononi, akatimua mbio mpaka kituoni, ambako yule mnunuzi alikuwa bado anangoja gari la Pongwe.

"Rudi, ndugu yangu! Ng'ombe anauzwa!"

"Si umesema umepiga hesabu, ni hasara?"

"Nilihesabu mapema," Mwanjaa akajibu akihema. "Ufundi hauhesabiwi asubuhi."

Miaka mitatu mama na binti walikunywa chai ya rangi, na miezi mingine hata sukari hawakuiona. Lakini jioni ilifika. Sikudhani alifungua gereji yake, akamnunulia mama yake ng'ombe wawili. Na kila mzazi aliyekwenda pale kuuliza ada, akaisikia na kuguna, Mwanjaa alimvutia kiti, akammiminia chai ya maziwa, akamwambia, "Usiondoke. Keti nami mpaka magharibi. Ufundi hauhesabiwi asubuhi."