Karamu ya Kumuaga Mwalimu Adam

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watu wengi huitumia methali hii kumtetea mbeya: usibishe, penye moshi hapakosi moto. Wachache huikazia macho nusu yake ya pili na kujiuliza, jambo ambalo halikuwapo huletwa na nani? Lenyewe halina miguu. Huja kwa miguu ya watu. Amondi aliliona jambo la namna hiyo likija, naye alikuwa miongoni mwa waliolibeba.

Mwaka wa 1996 Amondi alikuwa nahodha wa timu ya voliboli ya wasichana katika chuo kimoja cha ufundi pale Kawangware, Nairobi, upande wa kuelekea Riruta. Alisomea ushonaji. Kwao kulikuwa Soweto West, Kibera, katika chumba cha mabati alimoishi na mama yake, mkaanga samaki. Alama zake za mtihani hazikutosha kumwingiza chuoni. Aliingia kwa sababu ya Mwalimu Adam, kocha wa timu, ambaye alimwona akicheza kwenye uwanja wa vumbi, akaenda kwa mkuu wa chuo na kusema, "Huyu nipe. Mimi ndiye mdhamini wake." Kwa hiyo Amondi alijua, kama alivyokijua kiganja chake, kwamba siku Mwalimu Adam atakapoondoka, yeye atabaki kama nguo juani bila kibanio. Upepo wowote ungemchukua.

Mwalimu Adam alikuwa Mnubi wa Makina, humo humo Kibera, mrefu, mwenye maneno machache. Kila jioni baada ya mazoezi aliwasindikiza wasichana wa Kibera hadi kwao kwa miguu. Hakutembea nao bega kwa bega. Alibaki nyuma kidogo, funguo za stoo zikilia mfukoni mwake, kacha, kacha. Njia ile ilikuwa na sehemu ambazo mwanamke hakupita peke yake giza likianza kuingia, na kila mmoja wao alimjua msichana aliyepita peke yake na yaliyompata. Lakini waliposikia funguo zile nyuma yao walipiga soga na kucheka kana kwamba jua lilikuwa utosini.

Habari ilianza na mtu mmoja aliyevaa traksuti ya buluu.

Zilikuwa zimebaki wiki chache mashindano ya vyuo yaanze. Wasichana walikuwa darasani, mbele ya cherehani zao, walipomwona dirishani mkuu wa chuo, Bwana Muigai, akitembea uwanjani na mgeni. Mgeni alipiga hatua ndefu kutoka mstari mmoja hadi mwingine, akasimama kwenye nguzo kuukuu za wavu, akazitikisa, akatikisa na kichwa.

"Manze, mmeona?" alinong'ona Risper, mpigaji hodari wa timu, ambaye mdomo wake ulikuwa na kasi kuliko mkono wake. "Huyo ndiye kocha mpya."

"Umejuaje?" Amondi aliuliza.

"Sasa mtu atavaa traksuti aje hapa kuuza nyanya? Cheki vile anapima kiwanja. Halafu mkuu anamchekea. Wewe ushawahi kuona meno ya Muigai?"

Darasa lilicheka. Amondi hakucheka. 

Isingekuwa miaka ile, huenda maneno ya Risper yangefia pale pale dirishani. Lakini ilikuwa miaka ya kupunguzwa kazi. Kule mtaa wa Ayany, baba za wenzao waliotoka asubuhi na tai shingoni walirudi saa nne, tai mfukoni. Mtu hakuambiwa kwamba amefutwa. Alifika akakuta kiti chake kimekaliwa na mwingine, basi akajua. Nani angeshangaa kama kiti cha Mwalimu Adam nacho kimepata mkaaji?

Kufikia jioni, midomoni mwa watu, mgeni yule alikuwa amepewa chuo alichotoka. Kesho yake alikuwa amepewa vikombe alivyoshinda. Siku iliyofuata akapewa hata wachezaji wa kuja nao.

"Kocha mpya huja na watu wake, kama bibi harusi na sufuria zake," Risper aliwaambia wenzake wakifunga viatu. "Wewe Amondi ndiye wa kwanza kutoka. Kila kocha ana mpangaji wake wa kuwainulia wapigaji mpira. Sisi wengine tutakuwa tunaokota mipira."

"Nyamaza, Risper."

"Nimenyamaza. Lakini kunyamaza hakutamzuia."

Tangu hapo Amondi aliishi roho mkononi. Alimchungua Mwalimu Adam kama mama anavyomchungua mtoto mwenye homa. Aliona kwamba amepunguza kukemea. Aliona anakaa muda mrefu akiziangalia nguzo za wavu bila kusema neno. Jioni moja, njiani, alijikokota makusudi hadi wakawa sambamba.

"Mwalimu."

"Naam, nahodha."

"Uko sawa?"

Kacha, kacha, funguo zililia hatua kadhaa kabla hajajibu. "Niko. Kwani umesikia kitu?"

Amondi alitaka kuuliza kuhusu yule mgeni. Angeuliza, na kama ni kweli, angekuwa amemtonesha kidonda mtu mzima barabarani. "Hapana, Mwalimu."

"Basi twende, giza linaingia."

Mlango wa maneno ulikuwa umefunguliwa kidogo, na kila mmoja akamwachia mwenzake ausukume. Hakuna aliyeusukuma.

Wiki iliyofuata timu ilikutana bila kocha. Wengine walilia. Ndipo Amondi, akiwa nahodha, akasema neno ambalo baadaye alilijutia kuliko yote aliyowahi kusema. "Hawa watamtoa kimyakimya. Sisi tusimwache aende mikono mitupu kama mtu asiye na watoto. Tumuage."

Wazo hilo liliwapa kazi ya kufanya, na kazi hupunguza hofu. Walichanga wakanunua sanduku la safari, jipya, la rangi ya kahawia. Hope, mdogo kuliko wote, alifunga utepe mwekundu kwenye mpini. Amondi akamwomba mama yake awakaangie samaki.

Mama yake alikuwa ameinama juu ya karai la mafuta. "Anaenda wapi huyo mwalimu?"

"Wanamfuta, Mama."

"Amekuambia yeye?"

"Watu wote wanajua."

"Nimeuliza, amekuambia yeye?" Aligeuza samaki, mafuta yakachachatika. "Kwetu mtu haagwi kabla hajasema anaenda. Ukimuaga mtu aliyekaa, unamsukuma."

"Nikimuuliza ataumia."

"Na usipomuuliza?"

Amondi alijiambia kwamba hayo ni mambo ya ushago, na mji una desturi zake.

Ijumaa baada ya mazoezi walimwita Mwalimu Adam katika darasa la ushonaji. Mkuu wa chuo hakuwapo. Alikuwa na mkutano mjini. Meza zilikuwa zimesogezwa ukutani, chapati na samaki vimefunikwa vitambaa. Ubaoni Risper alikuwa ameandika kwa chaki, herufi kubwa: KWAHERI MWALIMU ADAM, HATUTAKUSAHAU.

Aliingia akitabasamu, kwa kuwa alisikia harufu ya samaki. Kisha akauona ubao. Tabasamu halikutoka usoni pake mara moja. Lilikauka polepole, kama maji kwenye jiwe. Alisoma, akasoma tena. Akaliangalia sanduku na utepe wake mwekundu.

"Hata ninyi mmeambiwa," alisema.

"Chuo kizima kinajua, Mwalimu," Amondi alijibu, machozi yakimlenga.

"Chuo kizima." Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyethibitishiwa hesabu. "Basi sawa."

Alinawa mikono, akala. Alimsifu mama yake Amondi kwa samaki. Alipotakiwa aseme machache alisimama, akaweka kiganja juu ya sanduku. "Nimeona watu wakitolewa kazini kama taka. Mimi nimeagwa na watoto wangu. Mungu awalipe." 

Jioni ile aliwasindikiza kama kawaida, sanduku mkononi. Walipofika ile sehemu ya njia wasiyoipenda, Amondi alitega sikio. Nyayo zilikuwapo, ila funguo hazikulia. Alikuwa ameziacha kwa mlinzi wa lango.

Jumatatu hakuja. Bwana Muigai aliuliza Mwalimu Adam yuko wapi, akaambiwa ameshaagwa. Mkuu alikuwa mtu mwenye makuu. Alisimama mbele ya timu, mishipa ya shingo imemtoka. "Amekula karamu, amepokea sanduku, mimi mkuu wake hakuniaga hata kwa salamu. Kama amepata pazuri zaidi, aende. Chuo hiki hakitakosa kocha." Wasichana walitazama chini. Kila mmoja aliona kwamba mkuu anaigiza, kwa maana si walikuwa wamemwona mgeni wake kwa macho yao?

Kabla ya juma kwisha, yule mgeni alirudi. Alikuja na traksuti ileile ya buluu, akisukuma mkokoteni wenye nguzo mbili za chuma zilizopakwa rangi nyeupe. Amondi alimwendea.

"Wewe si kocha?"

"Kocha wa nini, dada?" Mtu yule alicheka. "Mimi naitwa Musyoka, fundi wa vyuma. Mwalimu Adam ndiye aliyeniombea kazi kwa mkuu, nimtengenezee nguzo za wavu. Alisema zile za zamani zitamwangukia msichana siku moja. Yuko wapi aje anikagulie?"

"Na hiyo traksuti?"

"Hii? Mtumba wa soko la Toi. Niliipendea mifuko, futi yangu ya kupimia inaingia yote."

Amondi hakungoja amalize kuzishusha nguzo. Alikimbia. Alipita zile sehemu asizozipenda, mchana kweupe, bila kuziona, hadi Makina. Mabruka, mke wa mwalimu, alimfungulia. Mwalimu Adam alikuwa ameketi ndani, radio imezimwa.

"Mwalimu, hakuna aliyekufuta." Alihema. "Yule mtu ni fundi wako. Ni sisi tulisema. Tuliona traksuti tukasema."

Mwalimu Adam alimwonyesha kiti. "Mimi niliambiwa na kinyozi wangu kwamba nafutwa," alisema. "Kinyozi aliambiwa na mteja. Mteja ana binti chuoni kwenu. Nikasema ni umbeya, sitamuuliza Muigai, nisije nikaonekana naomba kazi. Kisha nikauona ubao."

"Ulipouliza kama nimesikia kitu..."

"Ulisema hapana. Nikadhani unanionea huruma." Alisimama, akatafuta viatu vyake. "Kesho asubuhi tutakwenda wote wawili. Jambo hili ni la kusemwa likaisha."

Mabruka alimtazama mumewe, akasema taratibu, "Inshallah."

Walipofika asubuhi nguzo mpya zilikuwa zimesimama, nyeupe, zimenyooka, wavu umekazwa kama uzi wa zeze. Chini yake mwanamume ambaye Amondi hakumjua alikuwa akipuliza kipenga. Jina lake, walikuja kujua, lilikuwa Jeconia. Amondi alimwona msichana mgeni amesimama mahali pake, akiinua mpira kwa vidole vyepesi. Kila alichokiogopa kilikuwa mbele yake, kimepangwa kama kilivyosemwa dirishani.

Bwana Muigai aliwapokea mlangoni pa ofisi. Alisikiliza yote, na kadiri alivyosikiliza ndivyo mabega yalivyomshuka.

"Mwalimu Adam," alisema, "ungeniuliza tu."

"Nawe ungeniuliza."

"Mtu wa watu ameacha kazi yake akaja jana. Nitamwambiaje?"

"Usimwambie kitu. Hana kosa." Mwalimu Adam aligeuka, akazitazama nguzo kwa muda. Aliiendea mojawapo, akaitikisa. Haikutikisika. "Amefanya vizuri Musyoka," alisema, akaondoka.

Amondi alikalia benchi mashindano yote. Muhula uliofuata alama zake za mtihani zilikumbukwa, na mdhamini wake hakuwapo wa kumtetea. Alirudi kwenye karai la mama yake. Miezi yake ya mwisho chuoni alirejea Kibera jioni na wenzake wakiwa wameshikana mikono, bila kupiga soga, kila mmoja akisikiliza nyuma.

Mwalimu Adam alifariki mwaka wa 1999, baada ya kuugua kifua. Alizikwa alasiri ya siku ileile, kama ilivyo desturi ya Waislamu. Wanaume walipokwenda makaburini, Amondi alikaa na wanawake ndani. Pembeni mwa kabati aliliona sanduku la kahawia. Utepe mwekundu ulikuwa bado kwenye mpini, umepauka.

Mabruka aliyafuata macho yake. "Hakuwahi kulisafiria, mwanangu. Nilimwambia tutie nguo ndani yake, akakataa. Alisema lilitolewa kwa mapenzi, lakini hakuwa na safari."

Amondi aliligusa lile sanduku, akalisukuma kidogo kwa vidole. Lilikuwa jepesi, tupu, kama neno la dirishani, neno ambalo halikuwa na chochote ndani yake mpaka wao walipolishika mpini wakalibeba hadi likafika. Kweli lisemwalo lipo, na kama halipo, laja.