Magoti ya Mwenye Chungu

Ndugu zangu, msinitazame hivyo mkisikia nataja pombe humu kanisani. Sijaja kuisifu wala kuilaani. Nataka kuwapa habari za mzee mmoja na chungu kimoja.

Mzee huyu aliishi katika nchi ya mahindi, huko milimani kwenye baridi, na alikuwa mkuu wa ukoo wake. Cheo chake kiliitwa Mwenye Chungu. Siku ya karamu, chungu cha pombe ya mahindi kiliwekwa katikati, naye akaketi kwenye kigoda na kutumbukiza mrija wake kabla ya mtu yeyote. Wakafuata watu wa ukoo wake. Na wale wanawake waliosaga kimea na kushinda kwenye moshi? Hao walisimama mlangoni mpaka yabaki machicha. Hata kifo hakikuwachanganya. Ukoo wa Mwenye Chungu ulizikwa kilimani pakavu, wapishi wakazikwa bondeni kando ya mto.

Mwaka mmoja wakaja watafiti kutoka chuo kikuu. Walitaka kujua watu wa kale walikunywa pombe kiasi gani, na nani alikunywa zaidi, wakubwa au wadogo. Walimweleza mzee kwamba mtu akila na kunywa mahindi kwa miaka mingi, alama yake hubaki ndani ya mfupa, hata ipite miaka mia mbili. Mzee alifurahi sana. Akawapeleka mwenyewe kilimani, penye kaburi kubwa la mtu aliyezikwa na shanga shingoni, na makaburi madogo yamelizunguka.

"Huyo wa katikati ndiye babu yetu, Mwenye Chungu wa kwanza," akawaambia. "Mpimeni. Mtakuta pombe mpaka kwenye uboho!"

Wakaikagua mifupa yote, wakachukua vipande vyake na meno, wakaenda zao.

Miezi hiyo hiyo mama mmoja mpishi akaugua. Mama huyu alikuwa amepika pombe ya karamu za mzee kwa miaka arobaini. Akatuma mtu kumwita, na mzee akaja, maana hakuwa mtu mbaya. Hilo mlisikie vizuri: hakuwa mtu mbaya.

"Mzee wangu," mama akasema, "nakuomba nizikwe kilimani, hata pembeni tu. Huko bondeni mafuriko yalimfukua mume wangu. Niliokota mifupa yake kwa mikono hii. Sitaki binti yangu aje kuniokota na mimi."

Mzee akainama. Maneno yale yalimchoma, lakini mila aliyokabidhiwa aliiogopa zaidi. "Mama, kilima ni cha walioketi kwenye chungu. Wewe ulisimama mlangoni."

"Nilisimama, baba. Ningeketi, nani angepika?"

Mzee akaaga. Wiki haikuisha, mama akafariki, wakamzika bondeni. Kisha mvua za masika zikaanza.

Masika yalipokwisha, watafiti wakarudi na majibu. Mzee akaita kijiji kizima waje wamsikie babu yake akisifiwa. Akaketi mbele, kwenye kigoda chake. Mtafiti mmoja, dada wa makamo, akamwamkia kwa heshima, kisha akasema, "Mzee, wale waliolala pembeni walikunywa pombe ya mahindi sana, mifupa yao imejaa alama. Lakini huyu wa katikati, mwenye shanga, aliishi kwa viazi na maboga. Pombe aliionja tu."

"Basi mmechanganya mifupa!" mzee akamaka.

"Hatukuchanganya, mzee. Magoti yake yamelika, na vidole vya miguu vimepinda. Ni mtu aliyepiga magoti kwenye jiwe la kusagia maisha yake yote. Na nyonga yake ni ya mwanamke."

Mwenye Chungu wa kwanza alikuwa mpishi! Watu wa kale walimpa cheo kwa sababu aliwasagia wengine, wakamvika shanga zao zote, wakamweka katikati, na wanywaji wakaomba kulala miguuni pake. Wajukuu walirithi jina, lakini maana yake wakaipoteza njiani. Wakadhani mwenye chungu ni yule anayekunywa.

Mzee akaacha kigoda chake pale pale, akashuka bondeni karibu akimbie, na binti wa marehemu akamfuata.

"Mwanangu, nionyeshe kaburi la mama yako," akamwambia. "Tumhamishe leo leo. Atalala kilimani, katikati."

Binti akaangalia mbele yao. Mto ulikuwa umepita. Palipokuwa na makaburi palikuwa na tope tupu, limesawazishwa toka ukingo hadi ukingo.

"Wapi, mzee?" binti akauliza. "Nimemtafuta siku tisa."

Mzee yule akapiga magoti kwenye tope, akaanza kuchimba kwa mikono. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule. Hakumpata.

Sasa sisi. Ndugu zangu, mzee yule alikuwa na nafasi. Aliombwa jambo moja, na mtu aliye hai, anayeweza kulipokea. Alipokuwa tayari kulitoa, hapakuwa na wa kupewa. Ni mara ngapi tumemsifu mtu kwa kipaza sauti siku ya mazishi, wakati akiwa hai hatukumsogezea hata kiti?

Leo ni sikukuu yetu ya mavuno. Geuzeni macho dirishani. Mnauona ule moshi nyuma ya kanisa? Wako akina mama kumi na mmoja pale, wamepiga magoti kwenye mafiga tangu alfajiri, kwa ajili ya matumbo yetu. Hawajasikia hata neno moja la mahubiri haya.

Kwaya, msiimbe kwanza. Wazee wa kanisa, inukeni kutoka kwenye hivyo viti vya mbele. Sufuria nitakwenda kuziangalia mimi. Ninyi nendeni mkawaite, waje wakae, wakiwa bado wanaweza kuitika.