Ng'ombe wa Wimbo wa Mhina

Hapo zamani, magitaa ya umeme yalipokuwa bado mageni Korogwe, palikuwa na mwimbaji wa muziki wa roki aitwaye Mhina. Sifa yake ilikuwa kelele. Akiimba, mabati yanatetemeka, kuku wanaacha kutaga, na watu wanamshangilia.

Mpenzi wake, Sauda, akamwacha. Akachumbiwa na muuza magodoro, mtu mpole asiyepaza sauti hata akiungua na chai.

Mhina akatunga wimbo wa kuachwa. Akauimba kwa kelele zake zilezile. Watu wakacheza, wakacheka, wakataka aurudie. Akaumia zaidi.

Siku ya harusi ya Sauda, Mhina na bendi yake wakaenda kuurekodi katika chumba cha nyuma cha mgahawa. Mpiga ngoma wake, Shekue, alikuwa ametoka huko harusini, kashiba pilau hadi mikono haiinuki. Akapiga pigo moja, akasinzia. Akazinduka, akapiga jingine. Ikabidi Mhina aimbe polepole. Nyuma ya pazia, mpishi Kaniki alikuwa anakata vitunguu, gunia zima. Macho yakamwasha Mhina, machozi yakamtoka, sauti ikamkatika. Kwa mara ya kwanza maishani akaimba kwa kunong'ona.

Wimbo haukuvuma. Mashabiki walidhani redio zao zimeharibika. Lakini Bi Hoza, mjane ambaye hakuwa amelia tangu amzike mumewe, aliusikia, akalia hadi moyo ukawa mwepesi. Akaja mgahawani na ng'ombe wake wa maziwa, watu wakakusanyika, Sauda akiwamo.

"Nampa aliyeutia wimbo huu huzuni," akasema.

"Ni mimi," akasema Sauda. "Nisingemwacha, angelia nini?"

"Ni mimi," akasema Shekue. "Nisingesinzia, ungekuwa wimbo wa kurukaruka. Na pilau ile, Bi Hoza, sahani ya nne niliila kwa taabu."

"Ni mimi," akasema Kaniki. "Machozi yale yalikuwa ya vitunguu vyangu. Muulizeni mwenyewe."

Mhina akainamisha kichwa.

"Mengine yalikuwa ya vitunguu," akasema. "Lakini godoro la harusi lilikosa mbebaji, nikalibeba mimi kichwani mpaka mlangoni kwao. Sauda akaniambia, 'Ahsante, Mhina, liweke pale.' Aliyeachwa ni mimi."

Bi Hoza akawatazama wote wanne, kamba mkononi, ng'ombe akicheua nyuma yake. Hakujua la kufanya, na mimi sijui.

Basi nyinyi mliosikia, semeni: kamba hiyo mngemkabidhi nani?