Kigango cha Mzee Katoi

Hapo zamani, ile zamani ya juzijuzi tu maana wahusika wangali hai, palikuwa na makumbusho madogo huko kwa Wagiriama. Mkuu wake akawapa vijana watatu wa sekondari chumba kimoja. "Pangeni maonyesho," akasema, "juu ya kifo na kuoza katika sanaa." Watoto wa miaka kumi na sita, na kifo! Lakini kazi waliifanya kwelikweli.

Stoo walikuta kigango, nguzo iliyochongwa kumkumbuka mzee aliyefariki. Kiliibwa zamani, polisi wakakikamata, na mwenyewe hakujulikana. Nanyi mnajua, kigango kikishasimamishwa hakihamishwi. Huachwa palepale kiliwe na mvua na mchwa, mzee apumzike.

Mchwa walikuwa wameshakianza humo stoo. Ngumbao, mmoja wa vijana wale, akakishughulikia miezi miwili, akakipaka dawa kwa brashi ndogo hadi mchwa wakafa wote. Nyevu naye akakipiga picha, akaizungusha kijiji hadi kijiji, soli zikaisha, hadi akampata mjane mmoja, Mbodze. "Huyu ni mume wangu Katoi!" mjane akasema.

Siku ya ufunguzi mjane akaja. Wageni wakapiga makofi, yeye akalia. "Mnamkataza kuoza, wanangu. Atapumzika lini?"

Aibu iliwashika vijana, na mimi ningekuwapo ingenishika.

Wa tatu, Sidi, hakuomba ruhusa. Alikiteremsha kigango, akakitia begani, akatoka nacho mbele ya wageni. Mkuu akampigia kelele, "Usirudi hapa tena!" Sidi hakugeuka. Wenzake wakamfuata.

Nyumbani kwa mjane shimo likachimbwa. Mjane akasema, "Wa kukishika kikiingia ardhini ni mmoja tu, naye atakuwa mtoto wa nyumba hii. Ni nani?"

"Ni mimi, Hawe," akasema Nyevu, kwa maana ya nyanya. "Bila miguu yangu usingejua mumeo yuko wapi."

"Ni mimi, Hawe," akasema Sidi. "Bila bega langu angekuwa bado anamulikwa taa. Na kule nimefukuzwa."

Ngumbao alikuwa analia. "Bila mkono wangu, Hawe, kingekuwa kimeshakuwa unga, msingekuwa na cha kurudisha. Lakini ile dawa niliyopaka... mchwa hawatakigusa tena."

Mjane akaupapasa ule mti. "Hata mvua?"

"Mvua itakiweza. Lakini polepole sana, Hawe."

"Basi mimi nitatangulia kuoza," akasema, akacheka kidogo, machozi yakimtoka. "Haya, mmoja wenu asogee."

Hakusogea mtu, kila mmoja akawatazama wenzake. Shimo li wazi, kigango kimelazwa kando, na mvua inakuja. Nisaidieni basi mliokaa hapa: nani akishike? Aliyemtafuta mzee, aliyembeba, au yule aliyemwokoa kutoka kwa mchwa hata akamcheleweshea kupumzika?