Kobe Alipomtoa Mgeni Wake

Nitoe ngano, nisitoe?

"Itoe!"

Ya kweli au ya uwongo?

"Madhali ni tamu!"

Basi hapo kale wanyama walijua kwenda na kurudi tu. Kusindikiza hakukuwapo. Ukishakula kwa mwenzio unashukuru, unaondoka, yamekwisha.

Bi Kanga alikuwa na mayai saba, zimebaki siku mbili yaanguliwe. Mchana wa jua kali akayafunika majani, akaenda kumjulia hali jirani yake Mzee Kobe, aliyeshikwa na kikohozi. Alipanga akae kidogo tu, jua lisije likapoa hajarudi kuatamia. Akanywa uji, akaaga.

Kobe, aliyejiona ana adabu kuliko wanyama wote, akasema si vizuri mgeni kuondoka peke yake kama mwizi. Akatangulia njiani. Na mzee akitangulia, nani atampita?

Walipofika kichuguuni, Kanga akamsihi arudi apumzike.

"Heshima kwanza," akajibu Kobe.

Wakaenda. Hatua, kikohozi. Hatua, kikohozi. Walipofika kijitoni, Kanga akaona isiwe tabu, akamwambia ana mayai nyumbani. Kobe akafurahi kweli kweli. Kumbe kuna mayai! Basi atamfikisha mpaka kiotani, ayapongeze.

"Heshima kwanza."

Walipofika mbugani jua lilikuwa limelala na upepo wa baridi umeanza. Kanga aliona uchungu. Angeweza kuruka akamwacha pale pale. Lakini majirani wangesemaje? Akaendelea kumfuata.

"Heshima kwanza," akasema Kobe, wala hakuulizwa.

Wakafika. Mayai yalikuwa baridi kama mawe. Kanga akayageuza moja moja, akayaweka kifuani, akasikiliza. Kimya. Akalia.

Kobe akampa pole kwa adabu zote. Kisha akageuka kuelekea kwake, akasimama, akangoja.

"Haya, jirani. Sasa mimi ndiye mgeni wako. Nitoe mpaka kwangu."

Wanyama waliposikia habari hiyo wakakata shauri: mgeni atolewe hadi njia panda, aagwe, mwenyeji arudi. Wakakuita huko kusindikiza. Maana yake ndiyo hiyo, msiongeze hata hatua.

Funzo lake? Ukimheshimu mtu, kwanza muulize ana haraka gani. Na wewe mwenye haraka, sema mapema, aibu haiangui mayai.

Ngano yangu naitua hapa, anayeitaka aibebe. Nawaona mnapiga miayo. Haya, nendeni salama. Mimi mgongo unaniuma, sivuki kizingiti.