Ngawa wa Lewis

Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu ni mchungu. Ndivyo walivyonena wahenga, wakimaanisha kwamba mtu huona raha kumtendea mwenzake jambo ambalo yeye, akitendewa, hawezi kulistahimili hata kidogo. Lewis Onchiri aliisikia methali hii tangu utotoni, ila uchungu wake aliujua Jumapili moja alasiri mjini Ogembo, mbele ya halaiki ya watu.

Lewis alikuwa mzaliwa wa Ikonge, mwembamba kama ufito na asiyejua kutulia. Akiketi, goti lilimtikisika; akisimama, vidole vyake vilipiga ngoma mezani. Yeye na Persis Nyangate, aliyesoma naye chuoni, walikodi chumba juu ya duka la nafaka mjini Kisii, wakatengeneza humo mchezo wa kompyuta. Ndani ya mchezo huo watu wawili hushindana kujenga maboma. Hakuna kungojana zamu: kila mmoja hulima, hujaza ghala na kuunda jeshi wakati mwenzake naye akifanya hivyohivyo, na atakayelivunja boma la mwingine ndiye mshindi. Persis alichora vilima na migomba. Lewis aliwabuni askari na wanyama, akawagawia nguvu zao.

Kati ya viumbe hao wote, aliyempenda kama mboni ya jicho lake alikuwa ngawa, yule mnyama wa usiku mwenye umbo la paka. Ngawa hakupigana. Alinyemelea ghala la adui, akabeba nafaka na kutoweka nayo kama moshi hadi kwa bwana wake. Aliyeibiwa hakuona chochote ila ghala lililokuwa likipungua. Lewis alimtumia kwa ustadi mkubwa, na kila aliyecheza naye aliondoka mikono mitupu.

Punde wachezaji waliojitolea kuujaribu mchezo wakaanza kunung'unika. Wale wa Kebirigo waliacha mmoja baada ya mwingine. Persis akamsihi mwenzake ampunguzie ngawa makali, akimweleza kuwa silaha moja ikizishinda nyingine zote, hakuna atakayejisumbua kushika nyingine. Lewis alizunguka chumba kile huku na huko, akadai kwamba wanaolalamika ni wavivu wa kufikiri.

"Anayeibiwa ajifunze kulinda ghala lake," alisema, na jibu hilohilo akawaandikia wachezaji waliolalamika.

Miongoni mwa waliobaki alikuwa Ashley Kemuma, muuza viatu sokoni Ogembo. Siku moja alijenga boma la kupendeza, akayagawa mashamba yake kwa subira. Lewis akampelekea ngawa wake kadhaa, wakalikausha ghala hadi askari wakafa njaa. Hakuridhika na ushindi huo. Alilipiga picha ghala tupu, akaituma kwenye kundi la wachezaji simuni na kuandika kwamba mwenye njaa akaombe uji kwa jirani. Watu wakacheka.

Ndipo ikapangwa siku ya maonyesho mjini Ogembo. Bi Jacinta, meneja wa kampuni moja ya Nairobi iliyosambaza michezo, alikuja kuamua kama kampuni yake ingeuchukua mchezo huo. Lewis alitaka kumwonyesha mgeni vita vya kusisimua, akaomba mpinzani ajitokeze. Aliyejitokeza ni Ashley.

Lewis akaanza kuunda jeshi la kutisha. Ashley hakuunda jeshi lolote. Alifuga ngawa tu. Mara ghala la Lewis likaanza kupungua. Akaweka walinzi mlangoni, lakini ghala likazidi kushuka, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyewanyima askari macho ya kumwona ngawa. Akalima shamba jipya, nalo likavunwa kabla hajalifaidi. Kicheko cha watu nyuma yake kikamchoma kama upupu. Jeshi lake lilipoanza kuanguka kwa njaa, alikisukuma kando kipanya cha kompyuta akasimama.

"Huu si mchezo," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Mtu hana hata njia ya kujilinda."

Ashley akamgeukia bila kuinua sauti.

"Ngawa ni wako, Lewis. Ulituambia tujifunze kulinda ghala. Nilijaribu sana, nikashindwa. Leo nawe umejaribu."

Bi Jacinta aliwashukuru kwa adabu. Kisha akasema kwamba hawezi kuwauzia watu mchezo ambao aliyeutengeneza hawezi kuuvumilia, akaenda zake.

Siku zilizofuata Lewis hakupata raha. Hatimaye alimwambia Persis kwamba atamfuta ngawa kabisa. Persis alikataa katakata. Bila ngawa, alisema, kila mtu atajifungia bomani mwake na mchezo utapooza. Heri aende akamuulize yule aliyemwibia.

Lewis akashuka Ogembo. Alimkuta Ashley akipanga viatu, akamwomba radhi kwa wizi na zaidi kwa ile picha. Ashley aliendelea kupanga viatu akimjibu.

"Kuibiwa hakukuniudhi," alisema. "Kilichoniudhi ni kukosa nafasi ya kumkimbiza mwizi."

Maneno hayo Lewis alirudi nayo Kisii akiyatafuna njia nzima. Alimfanya ngawa aende polepole anapobeba mzigo, aache nyayo, na akikamatwa nafaka irudi kwa mwenyewe. Mara ya kwanza alimdhoofisha mno, hata hakuna aliyetaka kumfuga. Akamwongezea, akampunguzia, akamwita Ashley ajaribu, kisha akaanza upya. Polepole wale wa Kebirigo wakarejea, na mabishano yao sasa yalikuwa ya watu wanaofurahia.

Mlango wa Bi Jacinta, hata hivyo, haukufunguka tena, kwani kampuni yake ilikuwa imeshachukua mchezo wa watu wengine. Persis hakumlaumu mwenzake, akaendelea kuchora vilima vyake. Tangu hapo, kila anapobuni kiumbe kipya, Lewis huketi kwanza upande wa atakayeshambuliwa, goti likimtikisika, akaonja mwenyewe atakachowaonjesha wengine. Amejua kwamba mkuki anaomrushia nguruwe kwa furaha, ukimgeukia yeye binadamu, ni mchungu.